Mgeni wa Milioni Moja

Siku hiyo mjinga alikuwa Inspekta Isurugi, na ni heri tulimalize hilo mapema lisije likatusumbua huko mbele. Hakuwa amelewa, hakuwa amekesha, wala hakuna aliyemdanganya. Alijidanganya mwenyewe, akili zake zikiwa timamu, kwa kujiambia maneno matatu tu: leo ni Jumatatu.

Mji mzima wa Kasumihama unajua kuwa Jumatatu makumbusho ya vikaragosi hayapokei wageni. Mlango wa mbele unafungwa, na ndani wanabaki wafanyakazi wachache na wazee wa kujitolea wanaokuja kupangusa vumbi. Basi Chigusa alipoingia kituoni asubuhi ile, binti yake Fuki kamng'ang'ania shingoni, akasema kuna mwanaume amesimama mlangoni mwa chekechea akimwuliza mwalimu habari za "yule mtoto wa gazetini," Isurugi aliona jibu limeshajileta lenyewe.

"Gari la kuwapeleka mkoa wa pili litafika mchana," alimwambia. "Hapa kituoni siwezi kuwaficha. Hapa hata mtu aliyepoteza mwamvuli anaingia na kukaa kwenye benchi. Nitawaweka makumbusho. Kuta nene, kufuli, kamera, na leo hakuna mgeni hata wa dawa."

"Mama yangu yuko kule leo," alisema Chigusa, na kwa mara ya kwanza mabega yake yalishuka kidogo. "Jumatatu ni zamu yake ya kupangusa."

"Vizuri zaidi," alisema Isurugi. "Mama mzazi! Nani atakulinda kuliko yeye?"

Hilo nalo liwekwe kwenye hesabu ya ujinga wake.

Mwanaume wa chekechea alikuwa Gunji, mume wa Chigusa. Ndiye aliyemvunja mkono, ndiye aliyembamiza kichwa kwenye fremu ya mlango mbele ya mtoto. Mahakama ilishamkataza kuwasogelea. Karatasi ya amri hiyo aliipokea kwa mikono miwili, akainama, akamshukuru karani kwa kazi nzuri. Chigusa alihama akaja Kasumihama, anwani yake ikafichwa hata ofisi ya mji isiweze kuitoa, na kwa muda mrefu alilala usingizi wa watu. Mpaka wiki iliyopita, makumbusho yalipomtangaza kuwa mgeni wao wa milioni moja, wakampa shada la maua na kumpiga picha, na gazeti la mkoa likaichapa picha hiyo kwa rangi.

"Kwa nini hukukataa?" Isurugi alimwuliza njiani.

"Ningekataaje, afande? Ule mpira wa karatasi wa sherehe ulishapasuka juu ya kichwa changu na kunimwagia vipande vya rangi, watu wanapiga makofi, mkurugenzi kainama mbele yangu mpaka kiunoni. Wewe ungekataa?"

Isurugi alijiona amesimama pale, maua mikononi. Asingekataa. Hakuna mtu wa Kasumihama ambaye angekataa.

"Ni bahati mbaya tu," alimwambia.

Chigusa alitazama nje ya dirisha la gari. "Akija, afande, usimsubiri apaze sauti. Gunji akikasirika hutulia. Huanza kukunja vitu. Taulo, magazeti, nguo za mtoto. Hukunja pembe kwa pembe, taratibu. Akimaliza kukunja ndipo anaponigeukia."

Waliingia kwa mlango wa nyuma, wakavua viatu na kuvaa sapatu za ndani kama kila anayefanya kazi mle. Kwenye kumbi vikaragosi vya mbao vilisimama safu kwa safu, vingine vya kimo cha mtoto, vingine vya kimo cha mtu mzima, na kwa kuwa ilikuwa Jumatatu kila kimoja kilikuwa kimefunikwa uso kwa kitambaa cheupe, vumbi la dari lisiingie machoni. Fuki alificha uso wake begani kwa mama. Isurugi, mwanaume wa miaka hamsini na ushee aliyewahi kuokota maiti baharini, naye alipita katikati ya safu zile akitazama sakafu.

Bibi Kinue, mama yake Chigusa, aliwapokea ghorofani. Mwembamba, msafi, brashi ya manyoya mkononi, aproni yenye nembo ya makumbusho. Kwake ni mji wa jirani, stesheni kadhaa kwa treni, na kujitolea kule kulikuwa hila yao ya kukutana. Kila Jumapili Chigusa alikuja kama mgeni wa kawaida, bibi akamwona mjukuu wake pasipo kukanyaga nyumbani kwao.

"Maskini mwanangu," alisema, akampapasa Fuki kichwani. "Afande, nyie nendeni mkafanye kazi zenu. Nitakaa nao mimi."

Isurugi aliwaweka kwenye chumba cha kutengenezea vikaragosi, chenye komeo kwa ndani. "Usimfungulie mtu yeyote," alimwambia Chigusa, "ila mimi au mama yako."

Konstebo Nagase, msichana mwenye ulimi mkali kuliko cheo chake, alibaki mlango wa nyuma kungoja gari. "Bosi," alisema, "na mlango wa mbele?"

"Umefungwa."

"Na nani?"

"Na Jumatatu, binti. Kaa hapo."

Kisha akaenda kumhoji Bwana Emori, mkuu wa kitengo cha wageni.

Ofisi ya Emori ilikuwa ndogo na ya moto. Ukutani palikuwa na mchoro mkubwa wa makumbusho ya dunia, kila moja na nguzo yake ya wageni: Paris, Beijing, London, Vatikani, Tokyo. Nguzo ya Paris iligonga dari. Chini kabisa, kando ya swichi ya taa, mtu alikuwa ameichora Kasumihama kwa kalamu nyekundu, ndogo kama chunusi.

"Unajitesa bure," Isurugi alimwambia.

"Paris wanaipata milioni yao kabla maua ya masika hayajapukutika," alisema Emori. "Sisi tumeisaka tangu nikiwa na nywele. Na mkoa unataka hesabu, afande. Wageni wakipungua, kwanza wanakata bajeti, halafu wanatuunganisha na maktaba, halafu tunakuwa kabati moja karibu na choo cha maktaba."

Juu ya meza yake kilining'inia kibao cha umeme chenye tarakimu za kijani. LEO: 0.

"Hicho kinahesabu nini?"

"Wanaoingia mlango wa mbele. Kuna jicho pale kwenye fremu. Wafanyakazi na wa kujitolea tunapita nyuma, hatuhesabiwi. Huwa sikizimi. Napenda kukitazama." Emori aliona haya kidogo. "Jumatatu kinanihuzunisha."

Isurugi alikuwa na mtu wake tayari kichwani. Alikuwa Wakui, kijana wa dirisha la tiketi, aliyeingia kazini juzijuzi na kununua pikipiki mpya upesi mno. Gunji angeweza kumhonga.

"Wakui alikuwa zamu siku ya sherehe?"

"Wakui? Alikuwa kitandani na homa. Wiki nzima. Daktari alikuja kwake."

Basi Wakui akaanguka kabla hajasimama. Isurugi akageukia picha ya gazeti, ambayo Emori alikuwa ameitia kwenye fremu. Mkurugenzi ametabasamu. Chigusa mweupe kama unga, maua yamemfika kidevuni. Mbele yake Fuki, amevikwa koti la sherehe la buluu lenye nembo ya makumbusho mgongoni.

Aliitazama muda mrefu. Alikuwa na watoto wawili, wakubwa sasa, na enzi zao hakuwahi kuona vazi la dukani likimkaa mtoto hivyo. Mikono iliishia pale pale kwenye kifundo. Mabega hayakupwaya. Pindo liligusa magoti yake sawasawa.

"Makoti haya mnayauza?"

"Dukani kwetu, ndiyo. Ya watu wazima."

"Na hili?"

"Hilo ni zawadi ya mgeni wa milioni."

"Lilishonwa lini?"

"Kabla ya sherehe, bila shaka."

"Bila shaka," alisema Isurugi. "Sasa niambie, bwana mkubwa. Mgeni wa milioni angeweza kuwa mzee wa miaka themanini au mcheza mieleka. Mlijuaje kabla ya sherehe kwamba atakuja na mtoto wa kike, na kwamba mtoto huyo ana mikono ya urefu huu?"

Jasho lilimtoka Emori juu ya mdomo.

"Gunji alikulipa yen ngapi?"

"Sijui huyo Gunji ni nani! Afande, naapa! Kila mahali wanafanya hivi. Kila mahali!" Alishusha sauti ingawa hakukuwa na mtu. "Mgeni wa milioni hatokei, anachaguliwa. Unataka ukweli? Wa kweli alipita siku ya Alhamisi. Dereva wa lori la samaki, kaingia kuomba choo. Kwanza, Alhamisi waandishi hawaji. Pili, yule bwana alikuwa ananuka vibua. Tungempiga picha yule? Tukauzuia mtambo wa kuhesabu mpaka Jumapili, tukatafuta watu wenye sura ya kupendeza. Mama na mtoto. Watu wanapenda mama na mtoto."

"Mama na mtoto wako wengi. Nani aliwachagua hawa?"

"Mmoja wa wazee wetu wa kujitolea. Alisema kuna mama mpole sana anakuja na bintiye kila Jumapili, wenye haya, wangefurahi. Na koti akajitolea kulishona yeye mwenyewe. Ana mkono mzuri sana wa sindano, Bibi Kinue."

Isurugi aliiacha picha, akamgeukia Emori.

"Bibi Kinue hakukwambia kuwa yule mama ni binti yake?"

"Binti yake? Hapana. Majina yao..." Emori hakuwa akimtazama Isurugi tena. Alikuwa akitazama kile kibao.

LEO: 1.

Hawakusikia kengele wala kioo kuvunjika. Tarakimu ilikuwa imebadilika tu, kimyakimya, kwa rangi ile ile ya kijani.

"Mlango wa mbele unafunguliwa na nani?" Isurugi aliuliza, tayari amesimama.

"Kwa ndani mtu yeyote anaweza. Ni kuzungusha kitasa tu."

"Mpigie Nagase mlango wa nyuma. Mwambie apande kwa ngazi za huduma, aende chumba cha matengenezo. Mwambie Gunji yumo ndani. Halafu jifungie humu."

Alitoka ofisini bila silaha, pingu tu kiunoni, na baada ya hatua mbili akazipiga teke sapatu, maana zilikuwa zinalia. Akabaki na soksi. Ukumbi ulikuwa na mwanga wa mchana, mweupe, wa kutosha kabisa, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Hapakuwa na giza la kusingizia. Alisimama nyuma ya safu ya kwanza akasikiliza.

Viatu. Visigino vigumu, polepole. Mle ndani siku ya Jumatatu kila mguu huburura sapatu. Viatu hivi vilikuwa vimeingia kutoka barabarani. Vilitembea kidogo, vikasimama. Vikatembea, vikasimama.

Isurugi alipinda kona akaona kwa nini vilikuwa vinasimama.

Vikaragosi vilikuwa na nyuso wazi. Safu nzima, macho meusi ya kioo yakitazama mbele. Mtu alikuwa amepita akivifunua kimoja kimoja, kila chenye kimo cha mwanamke na kila chenye kimo cha mtoto, kuhakikisha kwamba ni mti. Na vile vitambaa vyeupe hakuvitupa. Vilikuwa sakafuni, mbele ya miguu ya kila kikaragosi, vimekunjwa pembe kwa pembe.

Isurugi alivifuata vitambaa vile kama mtu anayefuata damu. Vilimpeleka mpaka mwisho wa ukumbi, mpaka chini ya ngazi, na juu, ghorofani, alisikia sauti ya Bibi Kinue ikigonga mlango kwa upole.

"Chigusa, mwanangu. Fungua. Ni mama."

Ila mimi au mama yako. Isurugi mwenyewe alikuwa ameutia ufunguo huo mkononi mwa bibi.

"Usifungue!" alipiga kelele, sauti ikampasuka. "Chigusa! Usifungue!"

Gunji aligeuka. Alikuwa katikati ya ngazi, koti zuri la kijivu, nywele zimechanwa, sanduku la keki la duka la stesheni limefungwa utepe. Aliinama.

"Samahani kwa usumbufu. Nilikuta mlango wazi."

"Shuka, Gunji. Una amri ya mahakama."

"Naiheshimu sana. Nimeleta keki tu. Mtoto anapenda." Alitabasamu, na huku akitabasamu, kidole gumba chake kilikuwa kikiupapasa utepe, kikiunyoosha, kikiukunja. "Afande umekuja na soksi. Utapata baridi."

Isurugi alicheka, hakujua kicheko kile kilitoka wapi. "Mke wangu husema hivyo hivyo." Alipanda ngazi moja. Ya pili. "Niwekee hilo sanduku chini, mzee. Nikubebee."

"Kwa heshima zote, hapana."

Juu, komeo lililia. Kama lilikuwa likifunguliwa au likishindiliwa zaidi, Isurugi hakujua, na Gunji naye hakujua, ila alikuwa wa kwanza kuamua. Alizunguka akakimbia. Isurugi alijirusha, akadaka pindo la lile koti la kijivu, akavutwa kwa tumbo ngazi mbili, tatu, meno yakigongana, kisha akaudaka mguu wa Gunji na wote wawili wakaporomoka. Kiatu kilimpata Isurugi kwenye taya. Hakuachia. Alipopata pumzi alimwona Nagase ametokea ngazi za huduma na kumkalia Gunji mgongoni kama mtu aliyekalia gunia la mchele.

"Mlango umefungwa na Jumatatu, eti," alisema Nagase, akihema, akibana pingu.

"Baadaye, binti. Nitukane baadaye."

Sanduku lilikuwa limepasuka. Keki zilitawanyika kwenye ngazi, na katikati yake kulikuwa na taulo jeupe, limekunjwa vizuri. Isurugi alilifungua kwa ncha ya kalamu. Kisu cha jikoni, cha samaki, kirefu, kimetoka kunolewa.

"Cha kukatia keki," alisema Gunji, shavu limebanwa sakafuni, bado kwa adabu.

Isurugi aliokota keki moja. Ilikuwa ndogo, ya mtu mmoja, imevikwa karatasi yake. Na nyingine vivyo hivyo. Na nyingine. "Hizi zilikatwa dukani," alisema. "Mpeleke kwenye gari, Nagase."

Bibi Kinue alikuwa amesimama juu ya ngazi, mikono imekumbatia aproni. Hakulia. Alimtazama mkwewe akipelekwa kama mtu anayetazama mgeni akiondoka bila kunywa chai.

"Ulimwita," Isurugi alimwambia.

"Sikumwita. Niliapa mbele ya picha ya marehemu mume wangu kwamba sitamwambia Gunji wanakokaa, na sijamwambia. Mpaka leo."

"Uliwapeleka gazetini, gazeti ndilo likamwambia."

"Gazeti lina mdomo wake."

"Na leo?"

"Nilimpigia simu kumwuliza kama amekula. Akaniuliza niko wapi. Nikamwambia niko kazini. Hiyo ni anwani yao, afande? Halafu nikaenda kufungua mlango kuingiza hewa." Sauti yake ilianza kupanda. "Anakuja kwangu kila wiki! Anapiga magoti mlangoni kwangu, majirani wakitazama, analia kama mtoto! Mimi ni mtu, si jiwe. Mtoto anataka baba. Nilitaka waonane tu, wazungumze, yaishe."

"Bibi, umekiona kisu."

"Amekasirika. Wanaume hukasirika. Sikuona kisu alipoingia, niliona keki!"

Komeo lililia tena, na safari hii mlango ulifunguka. Chigusa alitoka, akaufunga nyuma yake ili Fuki asione. Alikuwa ameshika nyundo ndogo ya fundi wa vikaragosi. Alikuwa amesikia yote. Mlango ule ulikuwa wa ubao mwembamba.

Bibi Kinue alimgeukia, na sasa aliona pa kusemea.

"Na wewe usinitazame hivyo! Unadhani wewe ndiye wa kwanza? Baba yako alikuwaje? Umesahau? Nani aliwahi kuniona nikikimbia na watoto usiku, nikijificha kama mwizi, nikimwaibisha mume wangu mbele ya mahakama? Nilivumilia. Nilipika, nikafua, nikawalea, nikamzika kwa heshima. Nilikaa kwenye ndoa yangu mpaka mwisho. Kwani nilikufa?"

Isurugi alitaka kusema kitu. Chigusa alimwinulia mkono anyamaze. Aliiweka ile nyundo sakafuni, polepole, na alipojibu hakupaza sauti hata kidogo.

"Hukufa, mama. Mimi ndiye niliyekuwa naamka kila usiku kuja kusikiliza kama bado unapumua."